Waliobaki na Jina la Scampaneve

Katika kijiji cha Collerovo, jina la Scampaneve lilikuwa limebaki kwa wanawake wawili tu. Mmoja alikuwa Ilde, ajuza wa miaka tisini na tatu aliyeishi peke yake karibu na kanisa na ambaye bado alipasua kuni zake mwenyewe. Wa pili alikuwa Fosca, mjukuu wa kaka yake, daktari wa mifugo, na Fosca alikuwa mjamzito.

Fosca hakuwahi kulipenda jina lake. Kwa lugha ya kwao, ukilisikia harakaharaka, Scampaneve ni kama kusema mkwepa theluji, mtu anayetimua mbio theluji ikianza kudondoka. Katika kijiji cha milimani ambako theluji hufika madirishani, huwezi kumpa mtu sifa mbaya kuliko hiyo. Alipokuwa shule, theluji ya kwanza ya mwaka ikionekana tu, wenzake walikuwa wakimfungulia mlango wa darasa. "Fosca, wahi. Imefika." Baba yake, marehemu Elvio, alikuwa ametaniwa vivyo hivyo utotoni, naye hakuwa na jibu isipokuwa kwamba ndivyo walivyoandikwa. Labda ndiyo maana binti yake alikua mtu asiyeitwa mara mbili. Ng'ombe akikwama kuzaa huko juu katikati ya dhoruba, mfugaji alipiga simu akijua daktari atatokea, hata ikibidi kwa miguu.

Sheria za majina zilikuwa zimebadilika karibuni. Zamani mtoto alichukua jina la baba na mazungumzo yakaishia hapo. Sasa wazazi waliweza kukubaliana wampe la baba, la mama, au yote mawili. Aliyelileta jambo hilo mezani hakuwa Fosca, alikuwa mumewe, Dario Ricci, fundi wa umeme.

"Mimi naona tumpe la kwako," alisema jioni moja wakimenya maharage mabichi.

"La kwangu? Umtukane mtoto kabla hajaota meno?"

"Si tusi. Ni jina lisilo na mwenzake. Mimi hospitalini wakiita, 'Bwana Ricci,' tunasimama watatu."

"Basi ukisimama, kaa tena. Jina lako linatosha."

Mama yake Dario, Palmira, alikuwa amepita kuleta mayai, na alisikia yote kutoka jikoni. Alikuja akasimama mlangoni na kikapu mkononi. "Endeleeni tu," alisema. "Baba yako Ercole amelala makaburini anawasikiliza. Mtoto wa kwanza wa mwanawe wa pekee, halafu aitwe kama watu wanaokimbia baridi."

"Mama, hata Fosca mwenyewe hataki," Dario alisema.

"Vizuri. Angalau kuna mmoja mwenye akili humu ndani."

Mambo yangeishia hapo kama simu ya Fosca isingelia wiki chache baadaye, akiwa zizini, mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko. Alipopata nafasi ya kupiga namba ile ya kigeni, ilipokelewa na mwanamume aliyezungumza lahaja ya Collerovo. Na si lahaja wanayoizungumza watu wa leo. Ilikuwa ya zamani, yenye maneno ambayo Fosca hakuyasikia tangu babu yake alipofariki. Ilikuwa kana kwamba marehemu mmoja wa kijiji ameamua kupiga simu.

"Ni wewe Scampaneve?" sauti iliuliza.

"Ndiyo mimi."

"Na mimi pia," yule mtu alisema, na Fosca akagundua kwamba analia.

Aliitwa Gaston Scampaneve, mwoka mikate mstaafu wa mji wa migodi huko Ubelgiji. Baba yake alikwenda huko kuchimba makaa ya mawe baada ya vita, akamlea mwanawe kwa lugha ya kijiji ambacho mtoto huyo hakupata kukiona. Tangu ujana wake, Gaston alikuwa na uraibu mmoja: kila alikofika, alitafuta watu wenye jina lake. Alifungua vitabu vya simu hotelini mpaka vitabu hivyo vikatoweka duniani, kisha akajifunza kutumia kompyuta kwa ajili hiyo tu. Aliwapata jamaa wengi kiasi mjini Rosario huko Argentina, wakiwemo watengeneza viatu na mwalimu mmoja wa muziki. Alimpata daktari wa meno mjini Toronto. Alimpata mtawa mmoja Ureno aliyesahau kabisa jina lake la nyumbani mpaka alipoulizwa. Na kila mmoja, akifuatwa nyuma kizazi baada ya kizazi, aliishia Collerovo.

"Wote duniani tukikusanywa," alimwambia Fosca, "sidhani kama tutajaza kanisa moja. Nataka kuja kuona tulipotoka. Mkinikubalia."

Alikuja mwezi wa Mei. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye mikono mikubwa ya kukandia unga, na alishuka garini akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Ilde alikuwa ameandaa chakula cha mchana kwake: dengu, soseji, jibini ya kuchoma, na divai ya jirani. Fosca na Dario walikuwepo, na Palmira naye alialikwa, maana kumwacha kungekuwa vita. Gaston alipoingia, alimbusu Ilde mikono yote miwili, kisha akafungua blanketi lake.

Ilikuwa ngao ya ukoo, ya mbao, imepakwa rangi nyekundu na dhahabu. Katikati kulikuwa na mpanda farasi mwenye upanga, nyuma yake ngome juu ya mlima mweupe. Gaston alieleza kwamba aliinunua kwa mtaalamu wa mambo hayo katika duka moja la mji wa ufukweni. Mtaalamu alimwambia kwamba Scampaneve wa kwanza alikuwa mwanajeshi mtukufu aliyewavusha askari wa mfalme katika mlima wa theluji.

Ilde aliishika ngao ile kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma, akaigonga kwa kidole.

"Mbao nzuri," alisema. "Lakini huyu bwana simjui. Wewe kijana, hakuna aliyekusimulia habari za bibi yangu?"

Gaston, aliyekuwa karibu kutimiza miaka sabini, alisema hapana. Baba yake alimwambia tu kwamba walitoka katika familia ya wachungaji.

"Wachungaji." Ilde alichekea puani. "Wanaume hupenda kuwa wachungaji. Kaa. Fosca, mwongeze dengu. Na wewe usikilize, maana marehemu baba yako nilimwambia, akalisahau, akapenda zaidi kuona aibu."

Fosca alihisi masikio yakimwaka. Hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kusahau.

Ilde alianza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Alisema kwamba karibu na njia ya zamani ya kondoo kulikuwa na kanisa dogo la kando ya njia, ambalo sasa limebaki ukuta mmoja. Mwaka fulani wa shida, kabla hata bibi wa mtu yeyote aliye hai hajajua kutembea, theluji ilianguka siku mfululizo mpaka njia ikapotea. Ilipotulia, mwanamke mmoja aliyeitwa Carmosina, mke wa mchoma mkaa, alipita pale akimtafuta mbuzi wake aliyepotea. Akasikia kilio, akadhani ni mbuzi. Alifukua kwa mikono. Chini ya kizingiti alikuta ngozi ya kondoo iliyokunjwa, na ndani yake mtoto wa kike, wa bluu midomoni, akilia kwa hasira.

"Kwa hasira," Ilde alirudia. "Carmosina alisisitiza hivyo maisha yake yote. Kwamba hakulia kwa huzuni."

Alimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akashuka naye mpaka ofisi ya mji. Karani wa pale alitakiwa kumwandika, na kwa kuwa wazazi hawajulikani, ilikuwa kazi yake kumbunia jina. Makarani wengine waliwapa watoto kama hao majina ya kuchekesha au ya kutia uchungu, na mtoto akabaki na kicheko cha mtu mwingine mpaka kaburini. Huyu alikuwa na baridi na njaa, na hakuwa na wazo lolote. Akamuuliza Carmosina, "Nimwite nani?" Carmosina, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, akamjibu, "Andika alichofanya." "Amefanya nini kitoto hiki?" "Unaona mwenyewe. Theluji ilimtaka, akaiponyoka."

Gaston alikuwa ameacha kijiko hewani.

"Ndiyo hilo jina lenu," Ilde alisema. "Si mkwepa theluji. Ni aliyenusurika nayo. Neno ni lilelile, ila watu wavivu hulishika kwa upande mmoja. Na la kubatizwa wakampa Nevina. Ndiye bibi yangu."

"Kwa hiyo hakuna mpanda farasi," Gaston alisema taratibu.

"Kuna nyumbu. Sijamaliza."

Nevina alilelewa na Carmosina mpaka akawa msichana. Akaolewa na Sabatino Marrone, kijana wa familia yenye kondoo wengi, kinyume na matakwa ya baba mtu. Padri aliwafungisha ndoa. Lakini serikali ya wakati ule haikuitambua ndoa ya kanisani, ilitaka yake, ofisini, na mzee Marrone alihakikisha kwamba mwanawe hafiki ofisini. Kwa hiyo mbele ya Mungu Nevina alikuwa mke, mbele ya karani hakuwa kitu, na watoto wake wanne, wavulana watatu na msichana mmoja, waliandikwa kwa jina la mama yao.

Kisha Sabatino alishuka na kondoo kwenda nyanda za joto kwa majira ya baridi, kama wanaume wote, na malaria ikambakiza huko. Nevina aliachwa na watoto, bila kondoo hata mmoja. Akatazama alichokuwa nacho. Kilichokuwepo kwa wingi Collerovo, na ambacho hakuna aliyekitaka, kilikuwa theluji.

Alikodi shimo la zamani lililojengwa kwa mawe juu ya msitu wa miti ya mifune, ambayo majani yake hukauka yakabaki kama karatasi. Wakati wa baridi aliingiza humo theluji kwa sepetu, yeye na watoto wake wakiikanyaga kwa miguu mpaka iwe ngumu kama jiwe, tabaka la theluji, tabaka la majani makavu, mpaka shimo likajaa. Kiangazi, watu wa miji ya pwani walipokuwa wakikauka koo, alifungua shimo, akakata mapande kwa msumeno, akayavika magunia, akampakia nyumbu, akateremka wakati jua limezama ili yasiyeyuke. Wenye maduka ya sharubati walimsubiri. Madaktari walimsubiri, kwa ajili ya wagonjwa wa homa. Kulikuwa na mama mmoja wa pwani ambaye kila mwaka alimletea Nevina samaki wa chumvi, kwa sababu theluji yake iliwahi kumshusha homa mwanawe usiku ambao padri alikuwa ameshaitwa.

"Miguu yake niliiona," Ilde alisema. "Nilikuwa mtoto alipofariki. Vidole vingine havikuwepo. Nilimuuliza, bibi, vimekwenda wapi? Akasema, 'Vimekaa kule juu vinalinda shimo.'"

Palmira aliuliza, "Na yule mkwe wake?"

"Alikuja, kama nilivyojua utauliza." Ilde alimtazama kwa kumpenda kidogo. "Wavulana walipokua wakawa na mabega, mzee Marrone alipanda mpaka kwenye shimo lenyewe. Hakuwa na mrithi mwingine. Akamwambia, nipe hawa watatu, nitawapa jina langu, kondoo na shamba la bondeni. Wewe na msichana bakini na theluji yenu. Bibi yangu alikuwa ndani ya shimo, anakanyaga. Hakutoka. Alimjibu kutoka humohumo: 'Jina hilo lilikuwepo siku walipozaliwa. Mbona halikuja?' Mzee akasema, utawanyima mali kwa ajili ya jina la mtoto wa kuokotwa? Bibi akasema, 'Waulize wenyewe, masikio wanayo.' Akawauliza. Mkubwa, ambaye ndiye babu yako, Gaston, alichukua sepetu akaendelea kumwaga theluji. Hilo ndilo lilikuwa jibu."

Gaston aliinuka. Aliichukua ngao yake, akaiegemeza ukutani, uso wa mpanda farasi ukitazama ukuta.

"Nilimlipa yule mtu wa duka kwa furaha," alisema. "Sasa namwonea huruma. Hakuwa na kitu kizuri kama hiki cha kuniuzia."

Ilde alitaka wapelekwe shimoni, wote, na hakusikiliza hoja kuhusu goti lake wala mimba ya Fosca. Dario aliwapakia kwenye gari lake la kazi, Ilde mbele, wengine nyuma katikati ya nyaya, Palmira akilalamika kwa kila jiwe. Mwisho wa njia walimbeba Ilde kwa kiti, Dario upande mmoja na Gaston upande mwingine.

Fosca alikuwa amepita jirani na mahali pale mara nyingi akiwafuata ng'ombe, akidhani ni tanuri la chokaa lililoporomoka. Lilikuwa duara la mawe yaliyopangwa bila saruji, kila moja limechongwa kidogo likae sawa na mwenzake, limezama chini ya kivuli cha miti. Ngazi za mawe zilijizungusha ukutani kwenda chini. Gaston alishuka akishika ukuta. Huko chini, chini ya majani yaliyooza, aliparua kwa mikono, kisha wakasikia sauti yake ikirudi kama kutoka kisimani.

"Bado ipo."

Theluji ya mwaka huo ilikuwa imejikusanya huko yenyewe, imekazana kwenye pembe ambayo jua haliifikii. Alipanda na pande lake ndani ya kofia. Ilde hakushangaa hata kidogo. Alitoa kwenye mfuko wa aproni kichupa cha maji ya zabibu yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito na meusi, akayamiminia juu ya theluji safi ya katikati, wakala kwa vidole. Ilikuwa tamu na chungu kidogo, na Fosca alihisi mtoto akigeuka tumboni kwa ubaridi ule.

Alikaa kwenye ukingo wa shimo akitazama mawe yale. Alijaribu kujenga akilini picha ya mwanamke mwenye watoto wanne anayesimama humo chini, theluji kiunoni, akikanyaga bila kutazama juu hata alipoletewa shamba. Alikuwa amebeba jina la mtu huyo miaka yote kama mtu anayebeba gunia asilolifungua. Alimwonea haya, kisha haya ikaisha na kilichobaki kilikuwa kama fahari, ila kimya zaidi.

"Dario," alisema. "Nimebadili mawazo. Tumpe yote mawili. La kwangu kwanza, kisha Ricci."

Dario alimtazama mama yake. Wote walimtazama mama yake. Palmira alikuwa akijifuta vidole kwa leso, taratibu, kimoja kimoja.

"Mawili ya nini?" alisema. "Mtoto hajajua hata kushika kalamu, mnamrundikia majina. Mpeni moja."

"Mama, tumeshaongea..."

"Nimesema mpeni moja. Mpeni la huyu mama." Alionyesha shimo kwa kidevu. "Ricci wapo mpaka kwenye makopo ya nyanya. Hawatapungua." Kisha, kwa sauti nyingine, akamwambia Fosca peke yake: "Kwa baba yangu tulizaliwa mabinti watupu. Tulipoolewa wote, jina lake liliishia mezani kwake, na hakuna aliyetuuliza. Yeye hakulalamika. Alisema tu nyumba imekuwa kimya." Alikunja leso. "Lakini la kubatizwa litakuwa Ercole. Hapo sitoki."

"Na akiwa msichana?" Ilde aliuliza.

"Atakuwa Ercolina. Nimeshafikiria."

Ilde aliangua kicheko mpaka Gaston akakishika kiti chake kisianguke.

Alizaliwa mvulana, mwishoni mwa Agosti. Katika ofisi ya kuandikisha, msichana wa zamu aliandika Scampaneve, akafuta, akauliza ni neno moja au mawili, na kama ni jina la kigeni. Fosca alimtajia herufi moja moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina hilo bila kuharakisha, na alipomaliza, alimsimulia na habari yake, mpaka watu wa foleni nyuma wakaacha kunung'unika wakasogea wasikie.

Ubatizo ulifanyika Oktoba. Gaston alirudi na wanawe wawili na mikate sanduku zima. Mwalimu wa muziki alikuja kutoka Rosario, mwanamke mrefu mwenye paji la uso lilelile la Ilde, na mtawa wa Ureno aliruhusiwa kusafiri. Daktari wa meno alituma kikombe cha fedha na kuomba radhi. Walikuja pia wazao wa yule binti wa Nevina, watu wa kijiji cha jirani ambao Fosca aliwajua maisha yake yote kwa majina mengine, amewatibia hata mbwa wao, bila kujua kwamba ni damu moja. Ilde alikaa kwenye kiti kikubwa, na kila aliyeinama kumsalimu alimshika mkono asiuachie mpaka amtajie baba yake, babu yake, na mtoto yupi wa Nevina alikuwa mwanzo wake.

Walikuwa wamefika kwenye nyama ya kuchoma simu ya Fosca ilipolia. Katika zizi la huko juu ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni mwa mama yake, na mfugaji alisema hapendi kumsumbua siku kama hii, lakini.

"Naja," Fosca alisema.

Alimweka Ercole kwenye mapaja ya Palmira, akavua viatu vya sherehe, akavaa buti zilizokuwa nyuma ya mlango. Mwalimu wa muziki aliuliza kwa Kihispania anakwenda wapi mama wa mtoto. Gaston akamtafsiria jibu la Ilde, kwamba anakwenda kazini, na kwamba wamwachie kipande cha nyama cha karibu na mfupa, ndicho anachokipenda.